Kuelezea maumbile ya jenasi mpya ya nzi wadogo: mwongozo kamili

Mwaka 1933 Meja H. B. Sharpe alikusanya nzi wa ajabu kwenye ufa wa mwamba katika kilima cha Ukasi, mashariki mwa Kenya, kando ya barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa. Walikuwa na manyoya marefu ya manjano, miguu mirefu mno, na mabawa yaliyosinyaa kiasi kwamba hawakuweza kuruka. Mwaka 1936 E. E. Austen wa London aliwaelezea kwa jina Mormotomyia hirsuta, na kwa ajili ya nzi huyo mmoja akaunda jenasi mpya na familia mpya pia. Walikusanywa tena mwaka 1948, kisha kimya, mpaka mwaka 2010 Robert Copeland wa icipe (kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi) na Ashley Kirk-Spriggs walipowakuta tena palepale Ukasi. Kwa miongo yote hiyo, aliyetaka kumjua nzi huyu alikuwa na sampuli chache za makumbusho na maandishi ya Austen, basi.

Hiyo ndiyo kazi ya maelezo ya jenasi, yaani kundi la spishi ndugu. Yanatakiwa kumwezesha mtu ambaye hatashika sampuli yako maishani mwake amtambue nzi huyo akimkuta, na yampe pia uwezo wa kukupinga endapo umekosea. Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa entomolojia, mafundi wa maabara na wafanyakazi wa makumbusho walio na nzi mdogo kwenye kichupa na wanaoshuku kwamba hana jina.

Mormotomyia ni mkubwa, karibu sm 1. Wengi wa wanaosubiri majina ni wadogo sana. Mwaka 2018 Brian Brown alitangaza jenasi Megapropodiphora kutoka Brazil, ambayo spishi yake, M. arnoldi, ina urefu wa mm 0.395 tu. Mwaka huohuo watafiti waliofanya kazi Zurquí, Costa Rica, walitangaza spishi 4,332 za nzi na mbu kutoka kipande cha msitu cha takriban hekta 4, nyingi zikiwa hazina jina. Sioni kwa nini misitu ya Amani, Udzungwa au Kakamega kusiwe na hazina ya aina hiyo. Kinachokosekana ni watu wa kukaa kwenye hadubini.

Kwanza hakikisha ni jenasi kweli

Spishi mpya si jambo la ajabu. Chupa moja ya mtego wa Malaise (wavu mfano wa hema wa kunasa wadudu wanaoruka) kutoka msitu wowote wa mvua huwa nazo kadhaa. Jenasi mpya ni dai zito zaidi. Unasema kwamba spishi yako haingii katika jenasi yoyote iliyopo bila kuvuruga mipaka yake, na kwamba ukoo wake una alama zake wenyewe.

Anza na familia. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, pa kuanzia ni Manual of Afrotropical Diptera, ambayo juzuu zake mbili za kwanza zilitoka 2017 na ya tatu 2021, zote zikipatikana bure mtandaoni. Pitia ufunguo wa utambuzi (mfululizo wa maswali yanayokufikisha kwenye jina) hatua kwa hatua, ukiandika kila jibu lako. Ukikwama, usirukie kusema "mpya". Rudi ulipokwamia uone kama ni nzi aliyekataa au ni wewe hukuona vizuri. Ukimaliza ufunguo wa Afrika, tafuta funguo za familia hiyo kwa mabara mengine, kwa sababu kinachoonekana kipya Tanga huenda kilishapewa jina kutoka Java miaka 100 iliyopita. Euryplatea inafundisha vizuri hapa. Jenasi hiyo ilijulikana kwanza kutoka Guinea ya Ikweta. Mwaka 2012 nzi wa mm 0.4 kutoka Thailand akaingizwa humohumo kama spishi ya pili, E. nanaknihali. Umbali wa mabara mawili haukufanya iwe jenasi nyingine.

Jihadhari sana na upungufu. Mabawa kufupika, macho kuwa madogo, seta (nywele nene za mwilini) kupotea: mambo haya hujitokeza tena na tena katika koo zisizohusiana, hasa mapangoni, visiwani, kwenye vilele vya milima na ndani ya viota vya siafu na mchwa. Nzi wawili wasio na mabawa si ndugu kwa sababu hiyo tu. Sura ya Mormotomyia iliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu kuhusu awekwe wapi, mpaka tafiti za baadaye zilipomsogeza kwenye kundi la Ephydroidea, ambamo pia yumo Drosophila. Kwa hiyo tafuta angalau alama moja au mbili za kitu kilichoongezeka au kubadilika umbo, si zile za kitu kilichotoweka pekee.

Tafuta pia jinsia zote mbili. Katika familia ya Phoridae majike wa spishi nyingi zinazoishi na sisimizi au mchwa hawana mabawa, madume wanayo, na imewahi kutokea dume na jike wa ukoo mmoja kuwekwa katika jenasi tofauti. Ukiwa na jinsia moja tu unaweza kuendelea, kama Brown alivyofanya kwa Megapropodiphora aliyejulikana kwa jike, lakini liseme hilo wazi kwenye maelezo.

Kuandaa sampuli

Kabla ya msitu kuna karatasi. Kenya utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na cha mamlaka ya wanyamapori iwapo uko kwenye hifadhi. Tanzania ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kwa maeneo ya wanyamapori. Majarida mengi sasa huuliza namba za vibali, na sampuli iliyotoka nchini bila kibali huwa mzigo kwa kila atakayeishika baadaye.

Nzi wa chini ya mm 3 wanatunzwa kwanza kwenye ethanoli. Ya asilimia 95 au zaidi hulinda DNA vizuri, ila huwafanya wakauke na kuvunjika miguu ukiwagusa. Ya asilimia 70 hadi 80 huwaacha laini na ni bora kwa kazi ya maumbile. Ukiwa na wengi, gawa. Usimtoe nzi mdogo kwenye alkoholi ukamwacha akauke hewani: kichwa hubonyea, macho huingia ndani, na umbo unaloliona si lake tena. Njia salama ni kukausha kwa mashine ya "critical point", inayoondoa kioevu bila kubonyeza mwili, au, maabara isipokuwa nayo, kwa kemikali ya HMDS ndani ya chemba ya kuvutia hewa, kisha kumgandisha kwenye kipini chembamba au kwenye ncha ya pembetatu ya karatasi ngumu. Wale wa chini ya mm 1.5 mara nyingi hawana budi kuwekwa kwenye slaidi, kwa gundi za slaidi kama Euparal au zeri ya Kanada.

Fuata mpangilio huu, kwani ukiugeuza kuna kitu utakipoteza moja kwa moja: kwanza picha ya nzi mzima akiwa bado na rangi zake, pili DNA, tatu kupasua. Siku hizi DNA hutolewa bila kuharibu sampuli. Nzi mzima hulazwa kwenye mchanganyiko wenye proteinezi K, kimeng'enya kinachoyeyusha protini, usiku kucha, kioevu hutolewa, na gamba lake hubaki. Kwa nzi wadogo hii ina faida ya ziada, kwani misuli huyeyuka na gamba huwa angavu, hivyo kazi ya kulisafisha kwa potasiamu haidroksaidi baadaye inakuwa fupi. Kipande kinachosomwa zaidi ni cha jeni ya COI chenye herufi 658. Hicho kitakusaidia kuoanisha dume na jike. Hakitoshi peke yake kuthibitisha jenasi.

Lebo iandikwe siku ya kukusanya, kwa penseli au wino usioyeyuka kwenye alkoholi, na iwekwe ndani ya kichupa, si kubandikwa nje. Nchi kwanza, kisha mkoa, mahali, latitudo na longitudo, kimo kwa mita, tarehe, njia ya ukusanyaji na jina la mkusanyaji. Ongeza mazingira: kando ya kijito, juu ya kinyesi cha popo, ndani ya kiota cha siafu. Bila kutaja kinyesi cha popo kwenye ule ufa wa Ukasi, hakuna anayeelewa kwa nini Mormotomyia yuko vile alivyo.

Hadubini na mwanga

Unahitaji hadubini ya kupasulia yenye ukuzaji hadi mara 80 au 100, na hadubini ya kawaida ya slaidi inayofika mara 400. Kuliko ukuzaji, wengi hukosa mwanga mzuri. Mwanga mkali wa moja kwa moja hung'aa juu ya gamba na kuficha seta. Zungushia sampuli kipande cha karatasi ya kuchorea au plastiki nyeupe ili mwanga utawanyike, na ghafla utaona vinywele ambavyo dakika moja iliyopita havikuwepo. Pima kipimio cha jicho la hadubini kwa slaidi ya mikromita kwa kila ukuzaji, uandike matokeo ukutani.

Urefu wa mwili hupimwa bila vipapasio. Urefu wa bawa kuanzia mzizi hadi ncha. Toa kiwango, mfano mm 1.2 hadi 1.5, na useme ni kwa sampuli ngapi. Kwa jenasi, uwiano una thamani kuliko urefu, kwa sababu spishi ijayo katika jenasi hiyohiyo inaweza kuwa kubwa maradufu.

Kichwa

Kitazame kutoka mbele, juu na ubavuni, na uandike kwa mpangilio huohuo kila mara. Je, macho yamekutana juu ya vipapasio au yameachana? Mara nyingi ya dume hukutana na ya jike huachana, kwa hiyo taja jinsia. Kuna vinywele kati ya lenzi? Oseli, vile vijicho vitatu vya utosini, vipo vyote? Paji la uso ni pana kiasi gani likilinganishwa na kichwa kizima?

Kwenye vipapasio, nzi wengi wa kundi la Brachycera (wenye vipapasio vifupi) huwa na pingili mbili fupi za mwanzo na ya tatu kubwa inayobeba unywele uitwao arista. Eleza umbo la pingili ya tatu, arista inapochomozea (juu ya pingili au nchani), ina pingili ngapi, na kama ni tupu, ina vinyweleo vifupi au ina matawi. Kwa visubi na jamaa zao wa upande wa mbu, hesabu pingili za flagela kwa kila jinsia.

Kisha seta, yaani nywele nene zenye kitundu mzizini. Vinyweleo visivyo na kitundu ni kitu kingine, na kuvichanganya kumezaa makosa mengi kwenye fasihi ya zamani. Kwa kila jozi ya seta toa mambo manne: mahali, idadi, ukubwa na upande inakoinamia. Upande wa mwinamo unaonekana jambo dogo, kumbe ndio unaotenganisha familia nzima. Drosophilidae, kwa mfano, wana seta ya obiti inayoinamia mbele, na nyuma yake nyingine zinazoinamia nyuma.

Sentensi ya namna hii haina kazi: "Kichwa kina nywele kadhaa zilizokua vizuri." Yenye kazi ni hii: "Seta za obiti (kando ya jicho) jozi 2, ya mbele imeinamia mbele, fupi, nusu ya urefu wa ile ya nyuma, ya nyuma imeinamia nyuma na nje, seta za oseli zimeachana, zinafika ukingo wa mbele wa paji." Huyu wa pili unaweza kumchora bila kumwona.

Seta ikiwa imekatika, usiandike kwamba haipo. Tafuta kitundu chake. Kitundu kikiwepo, andika kuwa imekatika. Kisipokuwepo pande zote mbili na kwa sampuli zaidi ya moja, hapo ndipo andika "haipo". Kutokuwepo ni taarifa yenye uzito sawa na kuwepo, na lazima itamkwe. Msomaji akikuta umenyamaza hawezi kujua kama seta haipo au hukuitazama.

Sehemu za mdomo maliza kwa haraka ila usiziruke: urefu wa mrija dhidi ya kimo cha kichwa, labela (ncha ya mrija) ni laini au ngumu, palpi (vipapasio vidogo vya mdomo) zina pingili ngapi na zina seta wapi.

Kifua

Mgongo wa kifua kwa nzi ni karibu wote sehemu ya kati, kwa kuwa ndiyo inayobeba mabawa ya kuruka. Jozi ya nyuma imegeuka kuwa halteri, vile virungu viwili vya kumpa mizani. Chora ramani ya mgongo kabla ya kuandika neno. Weka mistari miwili ya katikati (seta za akrostiko), miwili ya pembeni yake (seta za dorsosentro), kisha bega, notopleura (pembe ya ubavuni mbele ya bawa), eneo la juu ya bawa na skutelo (kile kibamba cha nyuma ya mgongo). Hesabu kila mstari mbele na nyuma ya mshono wa kati kivyake. Kwenye skutelo sema kuna seta jozi ngapi, na kama zile za nchani zimepishana, ziko sambamba au zimeachana.

Ubavuni wengi huchoka. Mabamba ya ubavu ni magumu kuyatofautisha kwa nzi wa mm 1, na seta zake hufichwa na miguu, lakini ni ubavu huohuo wenye taarifa ambazo mazingira hayazibadilishi upesi. Sema kila bamba lina seta, vinyweleo au ni tupu. Kama sampuli iko kwenye ethanoli, iinamishe kidogo kidogo ndani ya jeli ya kunawia mikono iliyowekwa kwenye kisahani, nayo itakaa vile unavyotaka.

Bawa

Kung'oa bawa la kulia la sampuli moja isiyo holotaipu (ile sampuli moja inayobeba jina la spishi) ni gharama ndogo kwa faida kubwa. Lilowanishe, lilaze kwenye slaidi na kifuniko, lipige picha kwa mwanga wa chini. Majina ya mishipa yanatokana na mfumo wa Comstock na Needham wa mwaka 1898, uliorekebishwa mara nyingi tangu wakati huo. Sema unafuata mfumo upi, kwa sababu mshipa ambao vitabu vya zamani huuita CuA1 ndio unaoitwa M4 na wengi siku hizi, na msomaji asiyejua hilo atadhani nzi wako ana mshipa wa ziada.

Tembea kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma. Kosta, yaani mshipa wa ukingo, inaishia wapi: kwenye mshipa R4+5, au inaendelea mpaka mshipa M1? Ina mapengo mangapi, na wapi? Drosophilidae wana mawili, na pengo ni alama isiyobadilikabadilika ndani ya koo nyingi. Subkosta inafika ukingoni au inafifia njiani? R2+3 ipo? Mishipa ya kukatisha iko wapi, na umbali kati yake ni kiasi gani ukilinganisha na kipande cha mwisho cha M1? Selu, yaani vyumba kati ya mishipa, zipi zimefungwa? Phoridae unawajua kwa bawa peke yake: mishipa minene imebanana mbele karibu na mzizi, na nyuma yake kuna mistari michache hafifu isiyo na matawi.

Mbung'o wanatuonyesha jinsi bawa linavyoweza kubeba jenasi nzima. Glossina iliundwa na Wiedemann mwaka 1830, na mpaka leo mwanafunzi humtambua kwa alama nne: mrija wa mdomo umenyooka mbele ya kichwa, arista ina matawi upande wa juu tu, na matawi hayo yenyewe yana vinyweleo, selu ya kati ya bawa ina umbo la shoka, na akitulia mabawa hulala moja juu ya jingine. Ile selu ya shoka peke yake inatosha kumtambua hata ukiokota bawa tu. Ukiandika utambulisho wa jenasi yako, lenga uwe mfupi na wa uhakika kwa kiwango hicho.

Kama bawa limepungua, lieleze bado. Linafika pingili ya ngapi ya fumbatio? Limebaki na mishipa gani? Halteri ipo, ndogo, au hakuna? Neno "kibawa kidogo" halimsaidii mtu.

Miguu

Kwa kila mguu: koksa, trokanta, paja, tibia, na pingili tano za taso. Linganisha urefu na unene wa miguu yenyewe kwa yenyewe. Megapropodiphora imepata jina lake hapa, kutokana na miguu ya mbele iliyovimba kupita kiasi huku ya kati na ya nyuma ikiwa imepungua sana. Angalia safu za seta kwenye tibia, miiba ya nchani, na pingili ya kwanza ya taso la mbele la dume, ambako mara nyingi kuna vichana au nywele za pekee. Mwishoni, kucha na vile vijimto vilivyo kati yake.

Fumbatio na viungo vya uzazi

Hapa ndipo hoja nyingi hushinda au kushindwa. Viungo vya uzazi vya dume hubadilika haraka baina ya spishi, ila mpango wake wa jumla, yaani nini kimeungana na nini na nini kimetoweka, hudumu katika jenasi na familia. Usiwasilishe jenasi mpya bila kuvieleza kama una dume.

Kata fumbatio lote kwa kibanio chembamba au kipini karibu na kiungio na kifua. Tengeneza mchanganyiko wa asilimia 10 wa potasiamu haidroksaidi: gramu 10 kwa ml 100 za maji, ukiongeza chembe kwenye maji, si maji kwenye chembe. Vaa miwani na glavu, kwani kemikali hii huunguza ngozi na kupofusha. Weka fumbatio kwenye kichupa, kichupa ndani ya maji ya moto, na lichungulie kila baada ya dakika chache. Kwa nzi mdogo dakika 5 hadi 15 hutosha. Mwenye subira anaweza kuliacha usiku kucha kwenye mchanganyiko wa baridi. Kwa sampuli laini au za zamani, asidi ya laktiki ni mpole zaidi na haiyeyushi sehemu hafifu. Fumbatio likiwa limekuwa angavu na misuli imetoweka, lisuuze kwa maji, kisha kwa maji yenye matone machache ya asidi asetiki ili kuua nguvu ya potasiamu. Ukiruka hatua hiyo, kiungo kitaendelea kuyeyuka taratibu ndani ya kabati la makumbusho. Mwisho kiweke kwenye gliserini, kwenye slaidi yenye shimo.

Sasa chora kutoka ubavuni, nyuma na chini kabla ya kutenganisha chochote. Kisha tenganisha. Taja epandriamu (bamba la juu), sastilasi (vibanio) zinazoning'inia kutoka kwayo, serko (vijitawi kando ya mkundu), hipandriamu (bamba la chini), mabamba yanayozunguka uume, uume wenyewe na kile kijiti cha ndani kinachosukuma manii. Sema kipi kimeungana na kipi. Upande wa kushoto na kulia ukitofautiana, usiseme haraka kuwa sampuli imeharibika: kwa nzi wa kundi la Cyclorrhapha sehemu ya mwisho ya dume huzunguka nyuzi 360 wakati wa ukuaji, na mabamba ya kabla yake mara nyingi hubaki yamepinda. Mbu dume huzunguka nyuzi 180 baada ya kutoka kwenye pupa, kwa hiyo aliyekamatwa mchanga anaweza kuwa katikati ya mzunguko.

Kwa jike, hesabu spamatheka, yaani vifuko vya kutunzia manii, ueleze umbo lake na kama vimekauka kuwa vigumu. Eleza pia kifaa cha kutagia: laini cha kujikunja au kigumu cha kutobolea.

Viungo vikishachorwa, viweke kwenye kichupa kidogo chenye tone la gliserini, na kichupa kichomwe kwenye pini ileile ya mwenye navyo. Viungo vilivyotengana na mwili wake ni chanzo cha balaa kubwa kwenye mikusanyiko ya zamani.

Kuandika

Andika kwanza maelezo ya spishi nzima, kisha ndipo uchuje ya jenasi. Ukianza na jenasi utaandika unachotamani kiwe kweli. Katika maelezo ya jenasi weka yale unayotarajia spishi nyingine ndugu ziwe nayo: mpango wa seta, mishipa, muundo wa viungo vya uzazi. Rangi, urefu, uwiano mdogomdogo na umbo la ncha ya sastilasi viache kwenye spishi. Jenasi ikiwa na spishi moja, mgawanyo huu ni hukumu yako, na useme hivyo.

Utambulisho uje mbele, sentensi tano au sita, kila moja ikilinganisha na jenasi iliyo karibu zaidi kwa jina. Maelezo kamili yafuate kwa mpangilio wa kichwa hadi mkia, kwa sentensi fupi zisizo na mapambo. Andika unachokiona kabla ya unachokidhani: "bamba limeungana na epandriamu bila mshono unaoonekana" ni jambo lililoonekana, kwamba limetokana na pingili ya kumi ni tafsiri, na mahali pake ni kwenye mjadala.

Michoro bado ni lazima hata kama una picha za tabaka nyingi zilizounganishwa kwa programu. Picha huonyesha kila kitu kwa pamoja. Mchoro humwonyesha msomaji kile unachomaanisha. Kila kielelezo kiwe na mstari wa kipimo, si maneno "mara 100", kwani ukubwa wa picha hubadilika ukurasani.

Jina na sheria

Kanuni za majina ya wanyama, toleo la nne linalotumika tangu Januari 1, 2000, zina masharti ambayo ukiyakosa jina lako halipo kisheria. Andika wazi kuwa ni jenasi mpya. Toa maelezo yanayoitofautisha. Taja spishi ya mfano ya jenasi hapohapo. Kwa spishi mpya, teua holotaipu na useme itatunzwa wapi. Kazi ikichapishwa kielektroniki isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama mtandaoni, na usajili huo uonekane ndani ya makala.

Jina la jenasi lisifanane na la jenasi yoyote ya mnyama, awe samaki au konokono. Tofauti ya herufi moja hukubalika, ila ni ukarimu kuiepuka. Si lazima litokane na Kigiriki au Kilatini mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini, na useme jinsia yake ya kisarufi ili majina ya spishi yapatane nalo. Rungwecebus, jenasi ya tumbili kipunji wa Tanzania iliyoundwa mwaka 2006, imebeba mlima Rungwe ndani yake. Lugha ya maelezo nayo haikuamriwa: kanuni hupendekeza tu lugha inayotumika kimataifa. Hakuna kinachokuzuia kuambatanisha utambulisho wa Kiswahili chini ya ule wa Kiingereza, na natamani majarida ya kwetu yaanze kuudai.

Kabla ya kutuma makala, mpe mwenzako kisahani chenye nzi kumi wa familia hiyo, wako akiwemo, pamoja na utambulisho wako bila picha. Akimchagua mwingine, usimweleze. Rekebisha sentensi iliyompoteza. Kisha holotaipu ikabidhi kwenye makumbusho yenye mtunzaji wa kudumu, kama Makumbusho ya Taifa ya Kenya mjini Nairobi, na parataipu, yaani sampuli nyingine za maelezo hayohayo, zigawe angalau kwa mkusanyiko mmoja mwingine, kwa mfano Pietermaritzburg, Afrika Kusini, au London. Ukibakiwa na sampuli ya ziada, iache kwenye ethanoli kali, kwenye jokofu, ikiwa na lebo inayotaja namba ya holotaipu.